Vazi la Bibi Zetu: Kulishona kwa Sindano na Mkono

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitungwa juu ya vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa nguo. Twaona kanzu imemkaa mtu vizuri mabegani, twaisifu rangi yake, kisha twapita. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyeikata, kwa kipimo gani, na kwa nini chini ya kwapa pametiwa kipande kidogo cha mraba ambacho hakionekani mpaka mvaaji ainue mkono.

Juma hili ukurasa wetu wa nyumbani unawaletea wasomaji kazi ya kufanywa saa za mapumziko. Ni kushona, bila cherehani, vazi la kike la pwani yetu kama lilivyovaliwa katika karne ya 19: kanzu fupi, suruali ya marinda na leso ya vitambaa sita. Kazi hii haitaki mtaji mkubwa. Yataka sindano, uzi, mkasi na subira. Inaweza kufanywa na mama aliye nyumbani, na binti aliyemaliza masomo ya jioni. Hata askari aliye mapumzikoni kambini aweza kuifanya, maana sindano si kitu kigeni kwake. Kifungo cha sare kikikatika hamwiti fundi.

Huenda msomaji akauliza: nguo zimejaa madukani, ya nini kuhangaika na vazi la kale? Jibu la swali hilo limo katika habari za kisiwa kimoja kidogo, nasi tutaanzia huko kabla ya kushika mkasi.

VAMIZI NA VISIWA VYA NGUO

Kisiwa cha Vamizi kipo kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kusini ya mdomo wa mto Ruvuma. Urefu wake ni kama kilomita 12, nao upana wake ni mdogo sana. Ni kimojawapo cha visiwa vya Quirimbas, vinavyofuatana na pwani kuelekea kusini. Watu wa pwani hiyo wengi ni wavuvi, na wengi wao husema Kimwani, lugha ambayo msemaji wa Kiswahili akiisikiliza kwa utulivu hukuta maneno mengi anayoyajua tangu utotoni. Baadhi ya askari wetu waliotumikia katika kikosi cha SADC kilichokuwa Cabo Delgado kati ya mwaka 2021 na 2024 wameyasikia maneno hayo kwa masikio yao.

Visiwa hivi vina jina katika historia ya nguo. Mwezi Machi 1498 msafara wa Vasco da Gama ulitia nanga katika Kisiwa cha Msumbiji, kusini zaidi ya Quirimbas. Mmoja wa watu wa msafara huo aliandika kwamba wenyeji walivaa nguo nzuri za kitani na pamba zenye milia ya rangi mbalimbali, zilizofanyiwa kazi ya ustadi, na kwamba vitambaa vya vichwani mwao vilikuwa na pindo za hariri zilizotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Ni ushahidi wa mgeni aliyekuwa hajatujua, na kwa hiyo hauna upendeleo. Visiwa vya Quirimbas vyenyewe Wareno waliviita Maluane, na jina hilo lilikuwa pia jina la kitambaa kilichofumwa huko na kutiwa rangi ya buluu kwa nili. Visiwa vizima, basi, vilijulikana kwa jina la nguo iliyotoka humo.

Leo hakuna duka liuzalo maluane. Ufumaji ule ulikwisha, nao waliojua namna ya kuandaa nyuzi, kupika nili na kupanga milia walikufa na ujuzi wao. Jina limebaki vitabuni, lakini jina halivaliki.

Hayo ni ya karne zilizopita. Lakini katika siku zetu wenyewe visiwa hivyo vilipatwa na jambo jingine. Vita vya wapiganaji wenye silaha katika Cabo Delgado vilianza kwa shambulio la Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Mwezi Septemba 2020 washambuliaji waliingia Vamizi, wakachoma nyumba, na wakazi wakakimbia. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, ulio bara karibu na hapo, nao ulishambuliwa. Kufikia mwaka huo watu zaidi ya 700,000 katika mkoa mzima walikuwa wameyahama makazi yao. Mtu akimbiaye kwa mashua humchukua mtoto, na akiweza, chakula. Sanduku la nguo za bibi hubaki nyuma.

Familia za askari na polisi zaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi, maana nazo huhamishwa mara kwa mara, na kila uhamisho huacha kitu njiani. Nguo ikipotea au ikiungua hairudi. Lakini ikiwa yupo mmoja katika ukoo ajuaye vipimo vyake na namna ya kuiunganisha, vazi hilo laweza kushonwa tena mahali popote penye kitambaa na uzi. Hii ndiyo sababu ya makala haya.

VAZI LILIVYOKUWA

Katika karne ya 19 mwanamke wa pwani mwenye uwezo, hasa Unguja na miji iliyofanya biashara nayo, alivaa kanzu juu ya suruali nyembamba miguuni. Miisho ya suruali hiyo ilitiwa mikunjo-mikunjo ya mapambo, nayo ndiyo iliyoitwa marinda. Vijana wa leo wakisikia neno rinda hufikiri gauni, kwa sababu maana yake imehama. Lakini mwanzoni marinda yalikuwa ile mikunjo ya chini ya suruali.

Shahidi mmojawapo wa vazi hili ni Seyyida Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said. Alizaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kufariki Jena mwaka 1924. Akiwa Ulaya alipigwa picha amevaa mavazi ya kwao, na picha hizo zapatikana hata leo. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kinaeleza pia mavazi ya wanawake wa Unguja. Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Unguja, lililofunguliwa mwaka 1994, lina chumba cha kumbukumbu zake. Yeyote atakaye kulishona vazi hili na azitazame picha hizo kwanza, maana picha moja hufundisha mengi juu ya urefu wa kanzu na mahali marinda yanapoishia.

Vitambaa vya siku zile navyo vina habari zake. Baada ya Marekani kufanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kwa wingi kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani, na jina hilo likaenea hadi ndani ya bara. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipunguza shehena hizo, na wafumaji wa Uingereza na India wakapata nafasi. Kitambaa cha pamba kilichotiwa nili kiliitwa kaniki.

Hapa inatupasa kusema kweli, maana twawafundisha watoto. Vazi la kale halikuwa la urembo pekee. Lilikuwa pia alama ya cheo. Suruali ya marinda ilikuwa vazi la wenye nafasi. Mtumwa alivaa kipande cha merikani au kaniki, kichwa wazi na miguu mitupu, ili kila amwonaye ajue hali yake. Hali ya utumwa ilipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyofanywa na wanawake waliokuwa huru sasa ni kubadili mavazi: kufunika vichwa, na kuvaa nguo za rangi walizozichagua wenyewe. Kwa hiyo mwenye kushona suruali ya marinda na ashone na leso pia. Vazi moja linaeleza habari za wachache, na la pili habari za wengi.

Leso ni neno lililotokana na Kireno, lenço, maana yake kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa bado havijakatwa, vimefuatana katika jora. Wanawake wa pwani waliona njia bora kuliko kununua kimoja kimoja. Walinunua sita, wakakata katikati wakapata vipande viwili vya vitatu vitatu, wakavishona kwa urefu. Ikawa nguo moja pana yenye mafungu sita. Baadaye wafanyabiashara walipiga chapa nguo nzima ya upana huo, nayo ndiyo kanga tuijuayo. Maneno ya Kiswahili yakaongezwa juu yake katika karne ya 20, na Mombasa ilipata sifa kwa kanga zenye alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Huko Cabo Delgado wanawake wana capulana, ndugu wa kanga yetu. Asili ya kanga, kwa hiyo, ni mshono mmoja mrefu wa mkono. Tutaanza kazi yetu na mshono huo.

VIFAA

Tafuta kitambaa cha pamba kisichotiwa nailoni. Merikani nyepesi yafaa, na atakaye kuwakumbuka wafumaji wa Maluane na achague pamba ya buluu iliyokoza. Kwa kanzu na suruali ya mtu mzima wa kimo cha kadiri, mita 5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 90 zatosha. Ongeza nusu mita ya rangi nyingine, kwa mfano nyekundu, kwa ajili ya sijafu za mikono na pindo la chini.

Kabla ya kukata, loweka kitambaa chote usiku mmoja, kianike, kisha kipigwe pasi. Pamba hurudi ikifuliwa. Mwenye kukata kabla ya kuloweka atashona kanzu ya mama, na baada ya fuo la kwanza itavaliwa na binti.

Uzi uwe wa pamba. Upitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki, nao hautafumuka wala kujifunga mafundo. Usikate uzi mrefu kuliko kiwiko chako hadi ncha ya kidole mara mbili, maana uzi mrefu hukatika kwa kusuguana. Sindano iwe nyembamba, na kidole cha kati kivae subana. Weka pia chaki, futi ya kupimia na mkasi ambao haukati karatasi.

Ili kukata kwa mstari ulionyoka, usitegemee macho. Kata kidogo ukingoni, shika uzi mmoja wa kitambaa na uuvute taratibu hadi upande wa pili. Pale ulipotoka hubaki mstari mwembamba, na mkasi utaufuata huo. Njia hii haihitaji rula, wala haikosei.

LESO YA VITAMBAA SITA

Huu ni mshono wa kujifunzia. Chukua vipande sita vya mraba, kila kimoja sentimita 53 kila upande. Viunge vitatu vitatu, ukiacha sentimita 1 na nusu kwa kila mshono. Kisha lazisha vipande viwili virefu, uso kwa uso, na uvishikize kwa bandi, yaani mishono mikubwa ya muda itakayofumuliwa baadaye. Bandi isidharauliwe. Ndiyo inayozuia kipande cha juu kisitangulie cha chini.

Sasa shona mshono wa kudumu. Kwa kazi hii tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano hutoka mbele, hurudi nusu ya hatua nyuma, kisha hupita chini na kutokea mbele tena. Ni wa polepole, lakini uzi ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Ukimaliza, kata ukingo mmoja wa mshono uwe mfupi, kunja ule mrefu juu yake, na uulaze kwa mishono midogo. Sasa ndani hakuna nyuzi zinazoning'inia. Maliza kwa kukunja pindo pande zote nne. Utapata nguo ya kadiri ya sentimita 150 kwa 100, inayokaribia sana kipimo cha kanga ya dukani.

KANZU

Mafundi wa zamani walikata kanzu kwa namna ambayo karibu haitupi kitambaa. Haina kona za duara isipokuwa shingoni. Vipande vyake ni mstatili, mraba na pembetatu, na kila kimoja kina jina ambalo inafaa tulihifadhi.

Kata kwanza urefu wa mita 2. Kutokana na upana wa sentimita 90, tenga sentimita 60; hiyo ndiyo badani, mwili wa kanzu. Ikikunjwa katikati kwa urefu hupata sentimita 100 mbele na 100 nyuma, na mkunjo hukaa mabegani bila mshono.

Kwa upande umebaki ukanda wa sentimita 30 kwa mita 2. Kutoka hapo kata mistatili miwili ya sentimita 30 kwa 75, kisha pasua kila mmoja kutoka pembe hadi pembe. Utapata pembetatu nne. Hizi ni taharizi, zitakazotiwa ubavuni ili kanzu ipanuke kuelekea chini na mtu aweze kutembea. Kipande kilichobaki, sentimita 30 kwa 50, kitatoa vikwapa viwili vya mraba wa sentimita 12, na sehemu iliyosalia, 30 kwa 38, itakuwa kaba, yaani bitana ya ndani ya shingo.

Mwisho kata nusu mita nyingine na uigawe katikati ya upana. Hiyo ni mikono miwili, kila mmoja upana sentimita 45 na urefu 50. Kanzu nzima imetumia mita 2 na nusu.

Anza na shingo wakati badani ingali bapa. Tia alama katikati ya mkunjo wa mabega, chora shingo yenye upana wa sentimita 14, kina cha sentimita 2 nyuma na 7 mbele. Kutoka hapo chora mpasuo wa sentimita 15 kushuka kifuani. Usikate bado. Weka kaba juu yake kwa upande wa nje, sentimita 10 zikielekea nyuma na zilizobaki mbele, shona kuizunguka alama, ndipo ukate na kuigeuza kaba ndani. Wengi hukata kwanza, na shingo huwapanuka mikononi.

Kisha unga mikono. Katikati ya mkono ikutane na mkunjo wa bega. Baada ya hapo unga taharizi. Kila pembetatu ina upande ulionyooka na upande wa mshazari, na upande wa mshazari huvutika kama mpira. Ushone upande huo kwenye ukingo wa badani, ambao haunyooki ovyo, nayo itatulia. Pande zilizonyooka za taharizi ya mbele na ya nyuma zitakutana ubavuni. Ncha nyembamba ikae juu, karibu na kwapa, na sehemu pana ikae chini.

Sasa tia kikwapa. Mraba huu huwekwa mahali mkono, badani na taharizi zinapokutana, pembe moja ikielekea mkononi na nyingine ubavuni. Faida yake utaiona ukinyanyua mkono kufikia rafu: kanzu haitapanda wala mshono hautapasuka. Kisha funga mkono na ubavu kwa mshono mmoja mrefu kutoka kifundo cha mkono hadi chini. Maliza kwa sijafu za rangi mwishoni mwa mikono, na pindo.

Ili msomaji ajue kazi aliyo nayo, na tuhesabu. Ubavu mmoja una mishono mitatu ya sentimita 75, yaani 225. Mbavu mbili ni sentimita 450. Kwa mishono 3 katika kila sentimita, hiyo ni mishono 1,350. Kwa kuwa kila mshono hulazwa na kushonwa mara ya pili, inakuwa 2,700, na bado hatujagusa mikono wala shingo. Asiyechoka kwa hesabu hii ataimaliza kanzu yake. Akishona mia moja kila jioni baada ya chakula, atazimaliza mbavu zote mbili kwa siku 27.

SURUALI YA MARINDA

Kata vipande viwili vya urefu wa sentimita 95 kwa upana wote wa 90. Kila kimoja ni mguu mmoja. Kutoka kwenye goti kushuka, kata mshazari kila upande, ukiondoa sentimita 25 mwishoni, hata mdomo wa mguu ubaki sentimita 40. Pembetatu hizo usizitupe. Katika mojawapo utapata mraba wa sentimita 15 wa kutia katikati, miguu inapokutana. Kazi yake ni ile ile ya kikwapa, kwani bila mraba huo suruali itapasuka mara ya kwanza mvaaji akichutama.

Unga miguu miwili mbele na nyuma kwa sentimita 35 kutoka kiunoni, tia mraba, kisha funga ndani ya miguu. Juu kunja nefu, yaani pindo la kupitishia kamba ya kiuno, lenye upana wa sentimita 4.

Marinda yenyewe ni kanda mbili za sentimita 15 kwa 90. Kunja pindo la chini. Ukingo wa juu upitishie mistari miwili ya mishono mirefu, iliyoachana kwa nusu sentimita, na uvute nyuzi zote mbili pamoja mpaka sentimita 90 zifike 40. Gawanya mikunjo kwa ncha ya sindano ili isilundikane upande mmoja, kisha unga kwenye mguu. Mstari mmoja wa kuvutia hautoshi. Ukikatika, mikunjo yote hutawanyika. Mwenye mkono uliozoea aweza kutarizi juu ya maungio hayo, lakini mwanafunzi na aridhike na taraza, yaani ukanda mwembamba wa rangi uliolazwa juu ya mshono.

KAZI HII KATIKA FAMILIA NA SHULENI

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twajua kwamba mtoto husahau aliloambiwa mapema kuliko lile alilolifanya. Katika kanzu moja mna jometri ya pembetatu, hesabu ya kugawanya, na historia ya biashara kutoka Massachusetts hadi Unguja. Mwalimu wa darasa la sita aweza kuwapa wanafunzi karatasi ya gazeti yenye vipimo vilivyopunguzwa mara kumi na kuwaambia wakate vipande vyote bila kubakiza kitu. Watakapoona vipande vinatosheana, watauelewa ufundi wa bibi zao vizuri kuliko kwa hotuba.

Wala kazi hii si ya wanawake pekee. Katika miji mingi ya pwani wanaume na wanawake hushona kofia za mkono kwa sindano, vitobo vidogo vidogo kwa mamia, na hakuna awachekaye. Askari aliyefundishwa usafi wa sare na unyofu wa kitanda tayari amefundishwa nusu ya ushonaji.

Vazi likimalizika, livaliwe siku za arusi, siku za utamaduni shuleni, au katika michezo ya kuigiza. Lisiachwe ndani ya sanduku mwaka mzima. Pamba isiyopata hewa hula ukungu. Lifue kwa mkono katika maji baridi, lianike kivulini, na kabla ya kulikunja lifukize udi kama ilivyo desturi ya pwani.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni muhimu kuliko pindo na marinda. Kila kipande ulichokata, kikate pia katika karatasi ngumu. Juu yake andika jina lake: badani, taharizi, kikwapa, kaba, sijafu, nefu. Andika vipimo, mwaka, na jina la aliyekufundisha. Fanya seti mbili. Moja iweke nyumbani, na ya pili umpelekee ndugu anayeishi mji mwingine. Kisha chagua mtu mmoja katika jamaa, kijana kuliko wewe, umkalishe karibu wakati unapoikata kanzu ya pili, na mkasi uwe mkononi mwake.